Lorine wa Nyamasaria na Sauti ya Mume Wangu

Mume wangu Zadock alipoteza sauti mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ugonjwa wa koo, na hapo siwezi kumlaumu mtu. Mara ya pili ilikuwa ujinga wake mwenyewe, na hapo nitamlaumu mpaka wanizike.

Mimi naitwa Milka. Nashona nguo Nyamasaria, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, na kibanda kinachopakana na changu ni cha Lorine, fundi wa vitu vya umeme. Leo nataka kuwaeleza habari za Lorine. Zadock atajiingiza kila mahali, mtanisamehe, ndivyo alivyo.

Lorine ni mtu wa Katito. Mama yake alikuwa akiuza viazi vitamu pale njia panda ya Kendu Bay, na mtoto akikaa chini ya meza akifungua redio za wateja waliokuja kununua viazi. Hakuzifunga zote, nimeambiwa. Baadaye alisoma chuo hapa mjini, akaajiriwa kutunza mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha samaki, akagombana na msimamizi, akaondoka. Ni mgomvi kidogo, tusidanganyane. Ukimletea pasi yako na kumwambia "harakisha," ataisukuma chini ya meza na kuanza na ya mwenzako. Chai yake huungua kwa sababu anaisahau jikoni. Na hata siku moja hutamsikia akisema kitu kimekufa. Husema kimegoma. Redio imelowa maji ya mafuriko ya Nyando, imeota kutu, panya amezaa ndani, yeye anaigeuza-geuza na kusema, "Hii imegoma tu, Mama. Tutaongea nayo."

Sasa Zadock. Sisi Wajaluo tuna kitu kinaitwa pakruok. Muziki ukiwa umepamba moto, mtu anainua mkono, wanamuziki wananyamaza, naye anajisifu mbele ya watu wote na kuwasifu anaowapenda. Akimaliza, ngoma inaendelea. Zadock alikuwa bingwa wa mambo hayo kuanzia Ahero mpaka Otonglo. Watu walikuwa wakialikwa kwenye sherehe wanauliza kwanza kama Zadock atakuwepo. Mimi niliyeishi naye sikuona cha kushangaza, maana nyumbani alijisifu hata mbele ya kuku.

Halafu koo likaanza kumkwaruza. Daktari akasema kuna uvimbe mbaya, na kisanduku cha sauti lazima kiondolewe ili mtu apone. Yawa, nyumba ilijaa! Ndugu walileta sukari, kanisa lilileta maombi, kila mtu alikuja kulia. Lorine hakulia. Alikuja na kipaza sauti kidogo mkononi, akasimama mlangoni na kusema, "Mzee, ukimaliza kupokea wageni, njoo kibandani uongee."

Odongo, mdogo wake Zadock, aling'aka. Alisema kumrekodi mtu mzima hivyo ni kama kumpima jeneza. Lorine akamjibu, "Sauti iko leo. Wewe utaipata wapi mwezi ujao?"

Basi Zadock alikwenda. Alikaa kwenye kile kibanda siku baada ya siku, akaongea kwa Dholuo na kwa Kiswahili. Salamu, shukrani, maswali, kukubali, kukataa. Alirekodi namna ya kuwakaribisha wageni na namna ya kuwaaga walioganda. Alirekodi kumfukuza mbuzi. Alirekodi kugombana na mimi, haki ya nani, na akahakikisha katika kila ugomvi yeye ndiye mshindi. Lorine alikuwa akimsikiliza kwa uvumilivu ambao mimi sina. Akikohoa, anamwambia rudia. Akichoka, anamletea uji.

Alipotoka hospitalini hana sauti, Lorine alikuwa ametengeneza kisanduku. Ndani yake kuna kicheza sauti kidogo chenye kadi iliyobeba maneno yote ya Zadock, na kuna chipu, ile kompyuta ndogo unayoweza kuificha chini ya kidole gumba. Juu kuna batani kubwa kubwa. Mimi nilibandika kitambaa tofauti juu ya kila batani: hapa kaki, hapa lesi, hapa kitenge, ili azijue kwa vidole bila kutazama. Ukibonyeza, chipu inakiambia kicheza sauti neno gani litoke, na linatoka. Siku ya kwanza alinitazama machoni, akabonyeza, na sauti yake ileile ikasema, "Milka, chakula kiko wapi?" Nililia mpaka nikakaa chini. Halafu nikamwambia akajipakulie mwenyewe.

Ndicho kisanduku alichokuja kukiua.

Binti yetu Ajwang alikuwa amepata mchumba, kijana wa watu wa Busia. Siku ya ayie ikapangwa. Ayie ndiyo siku wakwe wanakuja kwa wazazi wa msichana kuomba wakubaliwe. Mwenye boma lazima aseme. Baba asiposimama kuwapokea wakwe kwa mdomo wake, watu watakula, watacheza, lakini watarudi makwao wakiuliza kama msichana ana baba. Na hawa walikuwa Wasamia, kwa hiyo mazungumzo yangekuwa ya Kiswahili, na Zadock alikuwa amejiandaa vilivyo. Wiki nzima kisanduku kilikuwa mapajani mwake, anafanya mazoezi. Ukipita anakukaribisha. Ukirudi anakukaribisha tena.

Wiki ya sherehe wanamuziki wakaleta spika zao mapema, zile kubwa za kutikisa mabati. Zadock akazitazama kwa jicho fulani nikajua kuna balaa. Mimi nikaenda sokoni. Kumbe mzee amechukua waya wa amplifaya, ametafuta shimo kwenye kisanduku, akaona kale katundu ambako Lorine hupitishia waya wa kompyuta yake anapobadilisha maagizo, akapachika humo, akawasha. Alitaka asikike mpaka ng'ambo ya reli! Nilirudi nikakuta moshi na mwanaume mzima ameshika kichwa.

Hakuweza hata kujitetea. Alichukua simu, akaandika, akanionyesha: "Nisipoongea mwenyewe sitoki chumbani siku hiyo. Na Odongo asiniongelee." Ajwang alipoisoma alisema basi, kama baba hatatoka, yeye pia hatatoka, na wakwe warudi na ng'ombe wao. Namjua binti yangu. Kichwa kigumu amekitoa kwa baba yake, na nilijua angefanya hivyo kweli.

Nikabeba kisanduku kwenye kikapu kama mtoto mgonjwa, nikampelekea Lorine.

Alikifungua, akanusa. "Nani amefanya hivi?"

"Unauliza?"

"Mzee huyu!" alisema, akatikisa kichwa, halafu akacheka, na mimi nikaona afadhali. Akachomoa kadi, akaitia kwenye simu yake, na sauti ya Zadock ikatoka ikimfukuza mbuzi. Nilishika ukuta. Sauti ilikuwa hai.

Nikamwambia, "Si basi atumie simu tu?" Tulijaribu. Zadock alivaa miwani, akatafuta neno kwa kidole chake kama mhogo, akapitiliza, akarudi, na alipolipata lile jibu la salamu, jirani aliyemsalimu alikuwa ameshafika kwake. Akairudisha simu kwa hasira. Lazima iwe batani.

"Tatizo ni hili," Lorine aliniambia, akinionyesha chipu kwa ncha ya sindano. Ilikuwa na miguu midogo pande zote kama jongoo. "Kuna mguu mmoja uliokuwa unaongea na kicheza sauti. Hiyo ndiyo kazi yake. Umezaliwa unajua kuongea. Ndio ulioungua."

"Weka chipu nyingine."

Alimpigia Shaista, mwenye duka la vipuri mjini. Shaista alisema za aina ile zimekwisha na mzigo mwingine bado uko njiani, labda wiki ijayo. Wiki ijayo! Wakwe wanakuja Jumamosi. Nilianza kumtukana Zadock upya, kwa majina ambayo mchungaji wetu hayajui.

Lorine alikuwa ametulia tu, anatafuna njugu, anaitazama ile chipu. Mwishowe akasema, "Hii miguu mingine ni mizima. Haijui kuongea. Inajua kuwa na umeme na kutokuwa na umeme, basi. Lakini na kuongea kwenyewe, Mama, ni hivyo hivyo. Nitaufundisha mmoja wao."

Sikuelewa, akanieleza, na nitawaeleza kama alivyonieleza. Chipu na kicheza sauti ni kama majirani wawili wanaoambiana mambo gizani kwa taa. Taa ikiwaka tu bila kuzimika, hakuna habari. Ikizimika, maana yake "sikiliza, naanza." Baada ya hapo kila kipindi kifupi kina alama yake: imewaka, imezimika, imezimika, imewaka. Mpangilio huo ndio neno. Mwisho inawaka tena, maana yake "nimemaliza." Kitu cha hatari ni kwamba hawana saa ya pamoja. Kila mmoja anahesabu kichwani mwake, na lazima wahesabu kwa mwendo mmoja. Ule mguu ulioungua ulikuwa na kifaa chake cha kuhesabu, haumsumbui mtu. Mguu wa kawaida hauna. Kwa hiyo akili yenyewe ya chipu lazima iache kila kitu, iinue umeme, ihesabu, iushushe, ihesabu, hivyo hivyo mpaka neno liishe.

"Na hayo yote yanachukua muda gani?" nikauliza.

"Ukipepesa jicho yamekwisha."

Akalehemu waya mpya kutoka mguu mwingine, akakaa kwenye kompyuta yake kuandika maagizo. Kwanza aliyapunguza mwendo kabisa, akafunga kitaa kidogo pale kwenye mguu, akaniambia niwe namsomea. "Iko," nasema. "Haiko. Haiko. Iko." Yeye analinganisha na alichokuwa ametaka. Nikikosea ananikaripia, na mimi namkaripia, wateja wangu wamesimama na vitambaa vyao wanatushangaa. Alipoona alama zinakwenda sawa, akarudisha mwendo wa kweli, akafunga kicheza sauti, akabonyeza ile batani ya lesi.

"Karibuni nyumbani," alisema Zadock kutoka kwenye kisanduku.

Woi! Nilipiga kigelegele mpaka mama wa chapati akaunguza mkono. Lorine alibonyeza ya kaki, ya kitenge, zote. Kila moja ilijibu sawasawa. Nilimkumbatia, nikakibeba kisanduku nyumbani, nikampa mume wangu.

Zadock akabonyeza "asante sana." Kisanduku kikasema, "Toa huyo mbuzi hapa!"

Akabonyeza tena. "Chakula kiko wapi?" Akabonyeza "karibuni," kikanyamaza kimya. Akabonyeza kwa nguvu, kikasema, "Kwaherini, njia njema." Jamani! Fikiria wakwe wametoka Busia na ng'ombe, wamekaa chini ya hema, na baba mwenye boma anawaambia kwaherini. Zadock alikiweka kisanduku mezani polepole, akaenda kulala bila kula. Jioni ile ile Odongo alipita akiwa amebeba suti iliyopigwa pasi, akaniuliza kwa upole kama aanze kuandaa maneno. Nilitamani kumrushia sufuria, lakini maskini, hakuwa na kosa.

Asubuhi nikamwambia Lorine. Akajaribu kisanduku mwenyewe hapo hapo. Kikafanya kazi vizuri, hakikukosea hata mara moja. Akanirudishia. Nikampelekea Zadock, kikamtukana. Sasa hapo mtu mwingine angesema mzee ana gundu, au kisanduku kina pepo. Lorine alifunga kibanda, akaja nyumbani kwetu mguu kwa mguu, akaketi mbele ya Zadock, akapokea chai.

Akanywa. Akatazama picha ukutani. Halafu akaanza.

"Mzee, mimi huwa najiuliza. Hii pakruok yako watu wanayoisifu, ilikuwa ya maana kweli, au watu walikuwa wamelewa?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Zadock aliinua kichwa.

"Kwa sababu kule kwetu Katito," aliendelea, anakoroga chai, "kuna wazee wanaojua kazi hiyo. Wewe nasikia ulikuwa wa kupiga kelele tu."

Mungu wangu! Mume wangu alinyakua kisanduku. Vidole vyake vilishuka kwenye batani kama mvua ya mawe, tatata, anabonyeza hii na kabla haijatoka ameshabonyeza ile, na ile ya kwanza mara tatu zaidi, na kisanduku kinatapika: karibu, mbuzi, asante, kimya, Milka, kwaheri. Jasho lilimtoka. Nikasimama nimfukuze Lorine nyumbani kwangu. Ndipo nikaona hamtazami Zadock usoni hata kidogo. Ameinama, macho yako kwenye vidole.

"Inatosha, Mzee," akasema. "Samahani sana. Nimeshaona. Pakruok yako ilikuwa moto, kila mtu anajua. Nilitaka tu ukasirike."

Akageuka kwangu. "Mama Ajwang, mimi nabonyeza mara moja na kungoja, kama mtu anayebisha hodi. Yeye anabonyeza kama mtu anayebishana. Chipu ikiwa katikati ya kuhesabu, batani inapigwa tena. Inaacha hesabu, inakwenda kuitika, inarudi. Imechelewa kidogo tu, lakini mwenzake hakusimama kumngoja. Neno likaharibika. Ni kama mtu anayeinua mkono kujisifu wakati mwimbaji yuko katikati ya jina la mtu."

Zadock, bado anahema, alitikisa kichwa kukubali. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Hata yeye katika ubishi wake wote alikuwa akingoja mstari uishe.

Lorine aliandika agizo jipya pale pale mezani kwetu, kompyuta imekaa kati ya vikombe. Chipu ikianza kutuma neno, isimsikilize mtu yeyote mpaka imalize. Batani ikipigwa, itajibiwa baadaye kidogo. Na huo ubaadaye wenyewe ni kufumba na kufumbua, hata Zadock hawezi kuushinda. Alijaribu. Alibonyeza kwa vidole vya mikono yote miwili, akabonyeza na kiwiko, akijaribu kukikosesha kwa makusudi. Kila neno lilitoka lilivyo. Mwisho alibonyeza batani ya kitenge, taratibu, akimtazama Lorine: "Asante sana." Lorine alisema chai ilikuwa nzuri, akaenda zake. Alikuwa na pasi za watu.

Jumamosi wakwe walifika. Msemaji wao, mzee Wabwire, mjomba wa kijana, alisimama chini ya hema na kusema, "Tumetoka mbali, tumeona moshi kwenye boma hili, tukasema hapa hapakosi mwenyewe." Watu wote wakageuka kumtazama Zadock. Mimi nilikuwa nimemshika Ajwang mkono. Zadock aliinuka. Alibonyeza, na sauti yake ikajaa hema: "Mwenyewe yupo. Karibuni nyumbani. Kaeni, na mbavu zenu zipumzike."

Watu walipiga makofi, wengine walilia wazi wazi, wanaume wazima. Wabwire akamtania, Zadock akamjibu kabla hajafunga mdomo. Akamtania tena, akajibiwa tena. Odongo alikuwa ameketi na suti yake akicheka kuliko wote. Wakaomba, tukakubali, chakula kikaliwa, na muziki ukaanza.

Muziki ulipokolea, Zadock akainua mkono. "Simamisha!" kisanduku kilisema, na wanamuziki waliomjua wakazinyamazisha nyuzi papo hapo. Nilijua anachokitaka. Alikuwa amerekodi sifa zake zote, na nikajisemea basi, leo tutakoma. Lakini yeye alitoka katikati, akapita meza ya wakwe, akapita meza ya mchungaji, akaenda nyuma kabisa walikokaa wanawake wa sokoni. Lorine alikuwa pale na sahani ya samaki. Zadock alimshika mkono, akamsimamisha, vidole bado vina mchuzi.

Hapo nikaelewa. Katika maneno yale yote aliyorekodi, hapakuwa na hata moja lenye jina la Lorine. Lorine alikuwa amekaa kibandani siku zote akimwambia mzee rudia hili, sema lile, kumbuka watoto, kumbuka mkeo, kumbuka kanisa, na hakumwambia arekodi jina lake yeye. Zadock alitaka kumsifu na hana neno la kumwita.

Basi akampa sifa zake mwenyewe. Aliuinua mkono wa Lorine juu, akabonyeza, na sauti ya mume wangu, ile ya zamani, ile ya Ahero mpaka Otonglo, ikapaa: "Mtazameni huyu! Mtazameni vizuri! Ziwa lote hili halijaleta mwingine. Akiingia, taa zinaona aibu. Akiondoka, mtaa unauliza kuna msiba gani. Kama humjui, wewe ni mgeni, uliza jirani yako! Haya, watu wangu, huyu ni nani?"

Kwa miaka yote watu wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa jina la Zadock. Sasa wakatazamana. Lorine alikuwa amejificha uso kwa mkono uliobaki, mabega yanamcheza. Zadock alinitazama mimi.

Nikasimama juu ya kiti na gauni langu la sherehe, nikapaza sauti kuliko nilivyowahi kuipaza tangu nizaliwe: "Lorine!"